Daraja la Watu Wasio na Safari

Kwetu Temeke mtu akionekana anakata mitaa kwa miguu saa nane ya mchana, wanaomfahamu humwonea huruma. Watamsimamisha na kumuuliza: vipi, nauli imekata? Akijibu kwamba anatembea tu, wataagana naye kwa upole usio wa kawaida, halafu akishapita waanze kuulizana kama mambo ya nyumbani kwake yako salama. Kutembea kuna sababu zake. Umekosa nauli ya daladala, daktari amekutisha na sukari, au kuna mtu anayekudai na yeye ndiye konda wa njia hiyo. Nje ya hapo miguu hupumzishwa.

Kwa hiyo mpwa wangu anayeishi New York, ambaye nilikuwa nimefikia kwake, aliponiambia kwamba Jumamosi atanipeleka nikatembee juu ya daraja, nilimuuliza kwa nia njema kabisa gari lake lina tatizo gani.

"Halina tatizo, mjomba. Brooklyn Bridge watu wanavuka kwa miguu. Kila mgeni akija hapa lazima avuke."

"Na huko ng'ambo tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Tunavuka tu."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi, mjomba."

Nilimtazama kijana huyu, ambaye dada yangu alimlea vizuri tu, nikajua baridi ya huku imempiga pabaya. Naye alipoona nimenyamaza akadhani naogopa umbali, akaongeza kwamba kama miguu inasumbua tunaweza kukodi baiskeli. Baiskeli ya mwisho kuipanda ilikuwa Phoenix ya marehemu baba mkubwa, na niliipanda nimepitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kitini nilikuwa sifiki. Tukakubaliana miguu.

Jumamosi ikafika. Treni ya chini ya ardhi ikatutema karibu na ofisi za meya, tukapanda, na hapo nikaliona kundi. Nimeshaona Kariakoo wiki ya Idi, nimeshaona Feri samaki wakiwa wameadimika, lakini huko kote watu wamebanana kwa sababu kuna kitu wanakitaka. Hapa maelfu ya watu wazima, wenye akili na nauli zao mfukoni, walikuwa wakijisukuma kupanda daraja la karibu kilomita mbili ambalo upande wa pili hawamjui mtu. Niliuliza. Sikuona aibu kuuliza. Mama mmoja aliyetoka Italia alinijibu kwa Kiingereza kibovu kuliko changu kwamba yeye anafika katikati, anapiga picha, anageuka. Yaani hata ng'ambo yenyewe haimhusu.

Nitalisifia mahali panapostahili. Njia ya miguu imewekwa juu, katikati ya daraja, na magari yanapita chini yako kushoto na kulia, kwa hiyo hakuna bodaboda atakayekufuata na kukwambia "mzee, pembeni". Sakafu ni ya mbao. Minara miwili ya mawe imesimama mita 84, kila mmoja una milango miwili mirefu iliyochongoka juu, na kutoka hapo zinashuka kamba za chuma ambazo wewe na mimi tukizikumbatia tunashindwa kuziita kamba. Kila moja kati ya zile 4 kuu ina nyaya zaidi ya 5,000 ndani. Lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883, hakukuwa na daraja la kuning'inia lililovuka nafasi kubwa zaidi duniani: mita 486 toka mnara hadi mnara. Na chini yake ule wanaouita Mto wa Mashariki wala si mto. Ni mkono wa bahari, maji yake yana chumvi na yanajaa na kupwa, mambo yale yale ya kwetu pale Kurasini. Sifa zimeisha.

Shida ya kwanza ni kwamba huwezi kutembea kwa mwendo wako. Mbele yako mtu anasimama ghafla kwa sababu jua limeangukia kamba vizuri. Nyuma yako mwingine anatembea kinyumenyume, simu juu, anazungumza na watazamaji wake. Kulikuwa na bi harusi wa shela ndefu na wapambe wawili waliomshikia vumbi lisimguse, na bwana harusi hakuonekana popote. Nadhani yeye alikuwa na shughuli. Kijana mmoja alinigusa bega kwa adabu, nikajiandaa kwa shikamoo ya Kizungu, kumbe ananiomba nisogee kidogo kwa sababu naharibu picha yake. Nimetoka Temeke, nimevuka bahari, nimefika kuharibu picha.

Mpwa wangu, kwa kunituliza, akanieleza kwamba sasa hivi hali ni nzuri. Zamani baiskeli na waenda kwa miguu waligawana njia hii hii moja kwa mstari wa rangi, na waendesha baiskeli walikuwa wakipiga kengele, wakifoka na kutukana watalii waliouvuka mstari. Septemba 2021 jiji likawateremsha chini, likawakatia njia yao palipokuwa pakipita magari. Yeye aliona ni habari njema. Mimi nilisikitika. Wale wenye matusi ndio walikuwa watu pekee kwenye daraja hili waliokuwa wanachelewa mahali. Walikuwa wanakwenda kazini! Wameondolewa, tumebaki sisi.

Shida ya pili ni kiu. Kwetu popote watu wanaposimama dakika mbili, iwe foleni ya taa za Tazara au msafara wa mkubwa, maji ya baridi yanatokea, na nyuma ya maji karanga, na nyuma ya karanga mtu mwenye chaja za simu, pasi na ramani ya dunia. Hapa nilitembea kutoka mnara hadi mnara sikuona hata ubuyu. Nikauliza wafanyabiashara wako wapi. Walikuwepo, mjomba, walijaa, wakauza kofia na maji na vinyago vya sanamu ya Uhuru, mpaka njia ikabana. Januari 2024 jiji likawapiga marufuku. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa najua kwamba machinga huhamishwa Dar es Salaam. Sikujua kwamba New York nao walikuwa wanasubiri watuige.

Tulipofika kwenye mnara wa kwanza nilidai tukae. Mpwa wangu akatoa simu akaanza kunisomea habari za daraja, maana amegundua kwamba mjomba wake akisimuliwa hunung'unika kwa sauti ndogo zaidi. Hapo ndipo nilipomfahamu mhusika. Anaitwa John Roebling, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani. Yeye ndiye aliyelichora daraja hili, na kwenye mchoro wake aliiweka njia hii ya juu makusudi, ili watu wa mji uliosongamana wapate mahali pa kupunga upepo siku za hali nzuri ya hewa. Mnaona? Nilikuwa nikiwalaumu vijana na simu zao bure. Kutembea bila safari kulikuwemo kwenye ramani tangu mwanzo, kumepigiwa hesabu, kumetengewa mbao.

Na malipo yake aliyapata. Mwaka 1869, kabla ujenzi haujaanza, mzee huyo alikuwa amesimama kwenye gati la pantoni upande wa Brooklyn, akipima mahali mnara utakapokaa. Pantoni ikaja, ikagonga gati, ikambana mguu. Vidole vikakatwa, pepopunda ikaingia, na wiki chache baadaye akafariki. Mimi si mtu wa ushirikina, nasema tu nilichokiona kwenye maelezo: mtu amesimama gatini na vipimo mkononi anapanga namna ya kuinyang'anya pantoni abiria wake wote, na pantoni yenyewe inamjia. Pantoni zetu za Magogoni zilipoona Daraja la Nyerere linajengwa pale Kigamboni zilivumilia kistaarabu sana. Zinaharibika tu mara kwa mara, basi.

Kazi akairithi mwanawe, Washington. Huyu ilibidi aweke misingi ya minara chini ya maji, na njia iliyotumika ilikuwa kuzamisha masanduku makubwa ya mbao yasiyo na chini, kuyajaza hewa kwa nguvu ili maji yasiingie, na kuwateremsha vibarua humo ndani wachimbe kwa sururu. Walipopandishwa juu upesi, damu zao zilifanya mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Wengine walikufa. Washington mwenyewe aliugua akabaki nyumbani Brooklyn, akilitazama daraja lake kwa darubini dirishani, na kwa zaidi ya miaka 10 aliyekwenda na kurudi na maagizo, aliyejisomea hesabu za kamba na uimara wa chuma mpaka akawa anajibishana na mafundi, ni mkewe, Emily. Mnarani kuna kibao cha kumkumbuka. Ndiye aliyevuka mwanzo kwa gari la farasi, na inasimuliwa kwamba mapajani alibeba jogoo hai kuashiria ushindi. Huyu mama nilimkubali. Ukivuka na jogoo, una unakokwenda. Hakuna mtu anayebeba jogoo kwenda kupunga upepo.

Nilimtumia mke wangu picha. Alikuwa macho bado, akajibu kwa ujumbe wa sauti ambao mpwa wangu aliufungua kwa sauti kubwa mbele ya Wataliano wote: "Baba Halima, mbona umenuna? Na hilo daraja lina nini, mbona limekaa la zamani? La Kigamboni si zuri zaidi?" Nikamjibu kwamba la Kigamboni ni la 2016 na lina mita 680 tu, hili ni refu mara mbili na zaidi. Akasema sawa, lakini la Kigamboni anavukia kwenda kwa wifi yake. Nilikosa jibu, na betri nayo ilikuwa imebaki kidogo.

Tukaendelea. Sasa tulikuwa katikati kabisa, upepo umeanza, sanamu ya Uhuru inaonekana kwa mbali, na magari yananguruma chini ya mbao. Mpwa wangu akachagua hapo, si kabla wala si baada, kunisimulia habari ya waya mbovu. Anayejua kuchagua mahali huyu! Kulikuwa na mkandarasi aliyeitwa J. Lloyd Haigh, aliyepewa zabuni ya kuleta nyaya. Wakaguzi walikwenda kiwandani kwake, wakaupima waya, wakaona mzuri, wakaandika cheti. Gari la farasi likapakia waya mzuri na cheti chake, likatoka. Njiani waya mzuri unateremshwa, unapakiwa mbovu, cheti kile kile kinaendelea na safari. Ule mzuri unarudishwa kiwandani kupimwa tena kesho. Waya mmoja ulikaguliwa mpaka nadhani wakaguzi wakaanza kuujua kwa jina.

Niliwahi kukaa kamati ya ujenzi wa shule. Nondo, saruji, mchanga: mbinu hiyo naifahamu bila kusomewa. Kilichonishangaza ni kilichofuata. Wizi ulipobainika mwaka 1878, waya mwingi mbovu ulikuwa umeshasukwa ndani ya kamba na hautoki tena.

"Kwa hiyo upo wapi sasa?" nikauliza.

Mpwa wangu akanyoosha kidole juu.

Tulisimama tukiitazama kamba. Ikabidi aharakishe kunieleza kwamba marehemu Roebling alikuwa amepiga hesabu ya nguvu mara 6 ya zile zinazohitajika, na kwamba baada ya wizi waliongeza nyaya nyingine nzuri kufidia. Mara 6! Watu husema ni tahadhari ya kihandisi. Mimi nasema mzee yule aliwajua wakandarasi, na wizi aliuingiza kwenye bajeti mapema. Nilimsamehe nusu ya makosa yake. Hata hivyo habari ya aina hiyo mtu husimuliwa akiwa nchi kavu.

Na hofu si kitu cha mchezo pale. Wiki ya kwanza tu baada ya kufunguliwa, tarehe 30 Mei 1883, umati ulibanana kwenye ngazi, mwanamke akaanguka, mwingine akapiga kelele, neno likapita kwamba daraja linaanguka, na watu 12 wakafa kwa kukanyagwa. Daraja lenyewe halikutikisika. Mwaka uliofuata, Mei 1884, P. T. Barnum mwenye sarakasi akavusha tembo 21 na ngamia, watu wakapumua. Miongoni mwao alikuwemo Jumbo, tembo wa Afrika. Kwa hiyo mtu wa bara letu alishanitangulia hapo juu kutembezwa bila kuulizwa, na bila shaka naye hakumjua mtu Brooklyn.

Lakini aliyenifurahisha kuliko wote ni tapeli. George C. Parker. Inasimuliwa kwamba kazi yake ilikuwa kuliuza daraja hili kwa wageni waliofika New York wakiwa na akiba kidogo na matumaini mengi. Anakuonyesha hati, mnakubaliana bei, unalipa, na polisi wanakukuta asubuhi katikati ya daraja lako unajenga kizuizi cha kutoza watu ushuru. Mwaka 1928 alihukumiwa kifungo cha maisha na akafia gerezani. Nikamwambia mpwa wangu kwamba huyu angekuja Dar es Salaam asingetajirika, angekuta nafasi zimejaa. Kwetu kiwanja kimoja Kigamboni kina wamiliki watatu, wote na hati, wote na mashahidi, na mjumbe amewasainia wote. Ndiyo maana nyumba nyingi zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wamarekani wangetumia kopo moja la rangi kwenye mnara, DARAJA HILI HALIUZWI, wangeokoa akiba za watu wengi.

Wale waliouziwa, ukitazama vizuri, wazo lao halikuwa baya. Ushuru ulikuwepo kweli. Daraja lilipoanza, mwenda kwa miguu alilipa senti moja. Ng'ombe, farasi, kondoo na nguruwe kila mmoja alikuwa na bei yake. Senti ya waenda kwa miguu ikafutwa 1891. Ningekuwa meya ningeirudisha leo, kwa utaratibu wangu: ukifika getini unaulizwa unakwenda kwa nani. Ukitaja jina na mtaa, pita bure. Ukisema unatembea tu, lipa. Nilimweleza mpwa wangu hesabu ya mapato hayo kwa siku moja ya Jumamosi. Alikuwa anapiga picha kufuli.

Ndiyo, kufuli. Wapenzi wanakuja na kufuli, wanaandika majina yao, wanazifunga kwenye vyuma vya daraja, ufunguo wanautupa majini. Mabango ya kukataza yapo, mafundi wa jiji wanapita na mikasi ya chuma wanazikata, na wapenzi wanarudi. Kwangu Temeke nina kufuli tatu mlangoni na bado mtungi wa gesi uliondoka.

Tukashuka Brooklyn, mahali panapoitwa Dumbo, magoti yangu yakiwa yameshaanza kikao chao. Hapo kuna mtaa wa mawe ambao mwisho wake, kati ya majengo mekundu, unaliona daraja kubwa la chuma limejaa lote, na watu walikuwa wamepanga foleni kupigwa picha katikati ya barabara, magari yakiwasubiri. Nikatazama. Nikatazama tena. Nikamwambia mpwa wangu kwamba hilo si lile tulilovuka. Akakiri: hilo ni Manhattan Bridge, la 1909, ni jirani. Wengi hawajui, mjomba, wakifika kwao wanasema ni Brooklyn Bridge. Kwa hiyo watu wameteseka kuvuka daraja wasilokuwa na haja nalo, na ushahidi wanaorudi nao nyumbani ni wa daraja jingine.

Pizza kulikuwa na foleni. Aiskrimu kulikuwa na foleni. Choo kulikuwa na foleni, na hiyo peke yake ndiyo niliyoiunga mkono.

"Haya mjomba, turudi," mpwa wangu akasema, akageukia ngazi za daraja.

Nikamwambia aende salama. Mimi nilikuwa nimeshaona, pale pale chini ya daraja, gati na boti ya abiria inajisogeza. Huko karibu na mahali Roebling alipopondwa mguu, pantoni zimerudi, safi, zina viti, zinakuvusha hadi Wall Street kwa dakika chache. Akanibembeleza kwamba kurudi kwa miguu ndiko kuzuri, kwamba jua likizama mandhari ya Manhattan inakuwa kitu kingine. Nikanunua tiketi mbili. Kijana akanifuata, amenuna; safari hii zamu yake.

Ndani ya boti watu wote walikimbilia ukingoni kupiga picha daraja. Mimi nilikwenda kukaa kiti cha katikati kabisa, nikakunja miguu yote miwili chini ya kiti, nikaishika.

"Mjomba, unaumwa?"

"Siumwi. Tulia mpaka ifunge gati."